Tulichorithi Damuni na Tulichorithi Jikoni: maneno yangu kwenye mkutano wa ukoo, Newala

Ndugu zangu wa Mbagala, wa Zanzibar, wa kule ng'ambo ya Ruvuma na popote mlipo ambao hamkuweza kufika Newala, mmeniomba sana niwaandikie yale niliyoongea kwenye mkutano wetu baada ya msimu wa korosho kuisha. Haya, yote haya hapa, nimeyaacha vilevile yalivyotoka mdomoni. Zile picha nilizoonyesha ukutani nimeziruka.

Shikamooni wazee wetu. Wajomba, mama wakubwa na mama wadogo, shangazi zetu, mawifi na mashemeji mliooa na kuolewa kwetu, wadogo zangu, watoto mliokaa kwenye mikeka hapo mbele, asalaam aleikum, na ndugu zetu wa misheni Tumsifu Yesu Kristo.

Mjomba mwenyekiti kaniambia mwanangu wewe unafanya kazi maabara, utuambie kuhusu haya magonjwa yanayotumaliza. Na mnayajua wenyewe. Mjomba mkubwa kaanguka shambani akiwa anapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, upande mmoja ukafa, hakumaliza wiki. Mdogo wake akafuata kwa njia hiyohiyo. Mama mkubwa wa Kitangari moyo ulimsumbua miaka. Bibi yetu alifika mahali hatujui majina, ananiita mimi jina la dada yake aliyekufa zamani. Na kila msiba nasikia kauli ileile ukumbini na jikoni: hii ya ukoo, sisi ndivyo tulivyo, hamna la kufanya.

Nimekuja kuijibu hiyo kauli. Ni kweli ni ya ukoo? Ndio, kuna kitu tunarithishana. Ni kweli hamna la kufanya? Hapo nakataa. Nakataa kabisa wazee wangu, na nitawaambia kwanini nakataa.

Tuanze na hicho tunachorithishana. Mwili wa kila mmoja wetu umejengwa kwa maelekezo yanayoitwa vinasaba, viko ndani ya seli zako, vimepangwa kwenye kromosomu jozi 23, na binadamu ana vinasaba kama 20,000 hivi. Karibu kila kinasaba unacho mara mbili, nakala moja kakupa mama, nakala nyingine kakupa baba. Sasa hizo nakala hazifanani kwa watu wote, mahali fulani pana badiliko dogo, na badiliko hilo linaweza lisifanye kitu chochote, linaweza likakuongezea hatari ya ugonjwa, na kuna mengine yanakulinda. Hayo ya kukulinda huwa hatuyasemi, leo nitayasema.

Sasa hapa wazee mnisikilize vizuri. Sisi Wamakonde, na majirani zetu Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo tunauhesabu kwa mama. Mtoto ni wa mjomba wake. Ni jambo zuri, mimi silipingi hata kidogo, ndilo lililotukutanisha hapa. Ila vinasaba havihesabu hivyo! Nusu yako imetoka kwa baba, utake usitake, hata kama baba alihamia Kilwa ukiwa tumboni na hujawahi kula nae sahani moja.

Kuna binamu yetu, yupo hapa na kaniruhusu nisimulie, alienda kliniki ya wajawazito presha ikakutwa imepanda. Nesi akamuuliza, kwenu kuna mtu ana presha? Akajibu kwetu hamna. Na hakudanganya, kwetu kwa akili yake ni kwa mama yake na mama zake wadogo na wajomba, na kweli upande huo wazima. Ila baba yake mzazi alikufa kwa kiharusi hajafika miaka 50, na baba zake wadogo wawili wanameza vidonge vya presha mpaka leo! Hayo yote hayakuandikwa kwenye kadi kwasababu hakuulizwa kwa baba yako vipi, aliulizwa kwenu vipi. Namshukuru Mungu yeye na mtoto wake wapo salama. Lakini ni wangapi hapa wanajua baba wa baba yao alikufa na nini? Nyoosheni mikono. Mnaona? Mikono michache mno.

Na msiishie kujua kafa na nini, ulizeni kafa na miaka mingapi. Babu akifa kwa moyo akiwa na miaka 85 hilo halituambii mengi. Lakini baba au kaka akiugua moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya miaka 65, hilo daktari anataka kulisikia, maana ugonjwa ukija mapema hivyo kuna uwezekano mkubwa urithi una mkono wake.

Sasa vinasaba vyenyewe havina nguvu sawa. Kuna vichache vyenye nguvu kubwa sana, kimoja peke yake kinatosha kukuletea ugonjwa, alafu kuna vingi mno ambavyo kila kimoja kinasukuma kidogo tu.

Wa nguvu kubwa mnaujua, sikoseli. Badiliko moja, la herufi moja tu, kwenye kinasaba cha damu. Ukirithi nakala moja uko mzima na tena unakuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndio maana huku kwenye malaria badiliko hilo limebaki vizazi na vizazi. Ukirithi mbili, ya baba na ya mama, unaumwa. Kwanini nalitaja kwenye mambo ya ubongo? Kwasababu sikoseli inaziba mishipa ya damu ya kichwani, na mtoto mwenye sikoseli asipotibiwa karibu 1 kati ya 10 anapata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Mtoto! Alafu watu wanasema karogwa. Hapa Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na dawa ya haidroksiurea ipo na inasaidia. Kwahiyo vijana mnaotaka kuoana mkapime, kama wote wawili mmebeba nakala moja moja basi kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Sijasema msioane, nimesema mjue.

Tuje kwenye moyo, na hapa naomba mnipe muda maana hii habari naipenda kuliko zote.

Kuna kitu kinaitwa kolestro, ni aina ya mafuta yanayosafiri kwenye damu. Mwili unayahitaji, ila ile aina mbaya, LDL, ikizidi kwa miaka mingi inaganda kwenye kuta za mishipa, mishipa inakuwa myembamba, siku mshipa wa moyo ukiziba ni shambulio la moyo, ukiziba wa kichwani ni kiharusi. Ini lako kazi yake mojawapo ni kuivuta hiyo LDL kutoka kwenye damu. Sasa mwaka 2003 watafiti Ufaransa walikuwa wanafuatilia familia ambazo kolestro iko juu mno, watu wanakufa kwa moyo wakiwa vijana, baba, mtoto, mjukuu. Wakakuta badiliko kwenye kinasaba kinachoitwa PCSK9. Kinasaba hiki kinapunguza uwezo wa ini kuvuta LDL, na kwenye familia hizo kilikuwa kinafanya kazi kupita kiasi.

Sasa sikilizeni. Kule Dallas, Marekani, watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakajiuliza swali la upande wa pili: je wapo watu ambao kinasaba hicho kimezimika? Wakawakuta. Na wakawakuta wapi kwa wingi? Kwa watu weusi, watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2006 wakatoa matokeo ya watu weusi 3,363 wa Marekani waliokuwa wamefuatiliwa miaka 15, na kati yao asilimia 2.6 walikuwa na nakala moja iliyozimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo ulikuwa umepungua kwao kwa asilimia 88. Asilimia 88 jamani! Na wengi wao walikuwa na presha, wapo waliovuta sigara, wapo wenye sukari, na bado moyo ulikuwa umelindwa kwa kiasi hicho. Baadae Zimbabwe akapatikana mama kijana wa miaka 21 tu, mwenye nakala zote mbili zimezimika, LDL yake karibu haipo, na mwenyewe mzima wa afya. Kutokana na ujuzi huo zikatengenezwa sindano za kuzuia PCSK9, mwaka 2015 zikaruhusiwa Marekani na Ulaya, na watu wanaishi kwasababu ya sindano hizo.

Mnaelewa kwanini nasimulia hili mbele ya ukoo? Kwasababu tumezoea kusikia damu yetu ina laana, damu yetu ina presha. Damu ya Mwafrika ndiyo iliyoionyesha dunia njia ya dawa ya moyo! Humu humu chini ya hii turubai inawezekana kuna mtu kabeba hiyo nakala ya kumlinda na hajui.

Na mfundishwe jambo jingine na hadithi hiyo. Wale watu LDL yao haikuwa chini mno, imepungua kiasi tu, kwanini wamelindwa hivyo? Kwasababu imekuwa chini tangu wamezaliwa, miaka yote. Mishipa inahesabu miaka. Kwahiyo mama unayempikia mtoto wa miaka mitano leo, wewe ndio unapanga mishipa yake ya miaka 50, na faida ndogo ya kila siku ikikaa miaka mingi inakuwa kubwa.

Haya, kichwa. Habari ya bibi.

Bibi alipoanza kusahau, akawa anatoka usiku anasema anaenda shambani, mnakumbuka maneno yaliyosemwa kijijini. Sitayarudia mbele ya watoto. Nchi hii wapo bibi zetu waliopigwa, waliouawa kwa kuitwa wachawi, na sina shaka wengine walikuwa wagonjwa tu wa kusahau. Ule ni ugonjwa wa ubongo. Unaojulikana zaidi unaitwa Alzheimer, na upo mwingine unaotokana na mishipa ya kichwani kuharibika, mara nyingi kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa. Bibi alistahili kuogeshwa, kulishwa, kushikwa mkono, na wale waliofanya hivyo, mama mdogo nakuangalia wewe, Mungu awalipe.

Je kusahau kunarithiwa? Kuna kinasaba kinaitwa APOE, kazi yake ni kusafirisha mafuta mwilini na kwenye ubongo, kipo kwa aina tatu, e2, e3 na e4. Mwaka 1993 timu ya mtafiti Allen Roses kule Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ikaonyesha kwamba wenye e4 wanapata Alzheimer zaidi. Kwa watu wa asili ya Ulaya ukiwa na nakala 1 hatari inakuwa kama mara 3, ukiwa na nakala 2 inafika mara 8 mpaka 12. Na e4 hiyohiyo inapandisha kolestro pia, kwahiyo moyo na kichwa vinaguswa na kinasaba kimoja. Inatisha eh?

Subirini. Watafiti wakaenda Ibadan, Nigeria, kwa Wayoruba, alafu wakalinganisha na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, wote wazee wa miaka 65 na kuendelea. Wayoruba e4 wanayo, tena sio kidogo. Matokeo yalipotoka mwaka 2001, Indianapolis kila mwaka wazee wapya waliopata Alzheimer walikuwa asilimia 2.52, Ibadan asilimia 1.15. Chini ya nusu! Na kwa Wayoruba nakala 1 ya e4 haikuonekana kuongeza hatari, nakala 2 ndiyo baadae zikaonekana. Hawa watu mababu zao wengi walitoka pwani moja ya Afrika Magharibi, wametenganishwa na bahari na meli za watumwa. Tofauti iko wapi? Sio jambo moja, ila wale wa Ibadan presha yao ilikuwa chini, kolestro chini, walikula vyakula vya shambani na samaki, mafuta machache, na walitembea.

Kinasaba kilekile, sehemu mbili, matokeo mawili. Hilo nataka mlibebe mrudi nalo nyumbani. Kinasaba kilekile, matokeo mawili.

Nyie wakulima mnalijua hili kuliko mimi. Mkorosho wa mbegu ya zamani unashikwa na ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, upesi, na zipo mbegu za kituo cha utafiti cha Naliendele zinazovumilia. Lakini nani hapa ana mikorosho ya zamani akaikata yote akasema hii mbegu yake ndivyo ilivyo? Unapalilia, unapogoa, unapuliza salfa kwa wakati, na unavuna. Na jirani mwenye mbegu bora asipopalilia mnamuona msimu ukifika.

Kwahiyo tuje jikoni, maana sisi tumerithishana damu na tumerithishana pia sufuria. Familia moja inakula chungu kimoja, chumvi ileile, mafuta yaleyale, na baadae wanaumwa ugonjwa mmoja alafu tunasema ni damu. Ushahidi wa huo mchanganyiko tunao hapahapa mkoani. Wazee mnaukumbuka ule ugonjwa wa miguu kukakamaa, konzo, uliotokea Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000? Watu nyumba moja, mama na watoto, wamelala wazima wanaamka miguu yote miwili haikunjiki, na haiponi. Ungeweza kuapa ni wa kurithi au wa kurogwa. Ilikuwa muhogo mchungu! Njaa imekuja, muhogo unasindikwa harakaharaka, sayanaidi haijatoka, na sahani haina samaki wala kunde, ile sumu inaharibu mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Kinga yake ni kuulowesha unga wa muhogo kwa maji, unautandaza mwembamba kwenye mkeka kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, unapika siku hiyohiyo. Unga tu kulowa! Watu wa nyumba moja wakiumwa pamoja kwanza chungulia sufuria.

Alafu kuna utafiti wa kiharusi uliofanyika hapahapa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na eneo la Dar es Salaam. Wakishasawazisha umri, Hai walipata wagonjwa wapya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar karibu 316. Mara tatu! Hai ni shamba, Dar ni mjini. Je Watanzania wa Dar wamebadilisha damu? Dar wengi wametoka mikoani, wengine wametoka hapa kwetu, wamepanda basi na vinasaba vyao vilevile. Kilichobadilika ni mwendo wa maisha, na kinawafuata mpaka huku sasa, kila kona ya Newala kuna chipsi na soda, na mtu anapanda bodaboda kwenda msikitini mita 300.

Nisiseme mengi ya chakula kwasababu chakula chetu ni kizuri, ukikiacha kilivyo. Mbaazi, kunde, njugu mawe, mtama, kisamvu, mlenda, ming'oko, samaki wa Mtwara na Lindi, ufuta. Korosho zenyewe, tunauza zote kwa kilo alafu hatuli! Mafuta ya korosho mengi ni aina isiyodhuru mishipa, kiganja kimoja kwa siku kinafaa, isiyokaangwa kwenye mafuta na kupakwa chumvi. Nazi nitawaudhi. Tui ni tamu, mimi mwenyewe siliachi, ila sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda na yanapandisha LDL, kwahiyo tui jepesi, sio kila mlo, na sio tui alafu juu yake mafuta ya kukaangia. Hasa kwenye nyumba ambayo moyo umeshaua mtu mapema.

Chumvi ndio adui mkubwa wa ukoo huu, naisema bila woga. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye ng'onda na papa mkavu, yote. Na miili haifanani, wapo ambao vinasaba vyao vinafanya figo zishikilie chumvi kuliko wengine, huyo akila sawa na wewe presha yake inapanda, yako haipandi. Hujui wewe ni yupi, kwahiyo chumvi isikae mezani. Ng'onda mloweshe, mwaga maji, mloweshe tena. Na uraka na gongo ya mabibo, vijana na wajomba pia, pombe inapandisha presha, na sigara inaharibu mishipa hata ya mtu mwenye vinasaba vizuri kuliko wote hapa.

Maziwa kidogo tu niyapitie. Kuna mtoto hapa kila akinywa maziwa tumbo linajaa, mama yake anasikitika. Wafugaji kama Wamasai wana badiliko la kinasaba linalowawezesha kuendelea kuyasaga maziwa ukubwani, mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walilionyesha mwaka 2007 kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Sisi tulikuwa wakulima, wengi wetu hatuna. Mpeni mtindi kidogo, au dagaa na kunde, msimlazimishe.

Na unene. Mwaka 2007 lilipatikana badiliko kwenye kinasaba FTO, mwenye nakala mbili anazidi wengine wastani wa kilo 3. Watafiti wakaja kuona kwamba mtu anayeshughulisha mwili, nguvu ya badiliko hilo inapungua karibu theluthi. Nyie mnaolima na jembe mnapata bure.

Sasa mtaniuliza, haya yote yana uthibitisho kwamba ukirithi vibaya bado unaweza kujisaidia? Ndio. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 55,000 wa Marekani na Sweden, wakapimwa vinasaba vingi vya moyo kwa pamoja, alafu wakaangaliwa mambo manne: havuti sigara, sio mnene kupita kiasi, anafanya mazoezi angalau mara moja kwa wiki, anakula vizuri. Wale waliorithi hatari kubwa kabisa lakini wana angalau matatu kati ya hayo manne, hatari yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 46 kuliko wenye urithi uleule wasiojali. Karibu nusu. Kwa mambo ambayo hayauzwi duka la dawa.

Ninyi vijana wa simu, najua mmeona matangazo, tuma mate yako upimwe DNA uambiwe ule nini. Msitupe hela. Mpaka mwaka 2019 watu waliokuwa wamefanyiwa tafiti za vinasaba vya magonjwa, asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya na Waafrika walikuwa asilimia 2. Mmeona e4 ya Ulaya na e4 ya Ibadan zilivyotofautiana? Sasa huyo wa tangazo atakusomea wewe wa Newala kwa kipimo gani? Hili linaniuma, ndio maana nasema watafiti wakija na karatasi za ridhaa, wakaeleza vizuri na wakaheshimu damu yetu, tusiwakimbie. Ila kwa leo kipimo cha maana kuliko vyote kinafungwa mkononi, na zahanati wanacho.

Presha haiumi. Nirudie? Presha haiumi! Usisubiri kichwa kigonge. Ikifika 140 kwa 90 na ikirudiwa kupimwa bado iko hapo, hiyo ni presha, na kidonge ukiandikiwa ni kila siku, sio siku ukijisikia vibaya, na sio kumgawia shemeji nusu. Wengi tuliowazika walikuwa na vidonge ndani ya kabati. Na mtu akipinda mdomo, mkono ukalegea, maneno yakawa hayatoki, muda uleule hospitali, sio kwa mganga kwanza, sio kusubiri asubuhi, sio kusubiri mjomba arudi shamba aamue. Mke aamue. Mtoto aamue. Jirani aamue!

Basi wazee nimemaliza maneno, tunaanza kazi. Mashine za presha ziko pale mezani chini ya mwembe. Kaa kwanza dakika 5 bila kuongea, miguu yote chini, kama umetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa subiri nusu saa. Daftari analo mama mdogo, kila mtu anaandikisha kurasa mbili, ya kwa mama na ya kwa baba: nani alikufa, alikuwa na miaka mingapi, alianguka au alivimba miguu au alisahau. Msiojua ya kwa baba mna mpaka Idi kwenda kuuliza, na mkimkuta shangazi bado yupo hai mshukuruni Mungu muandike haraka. Wa Mbagala na wengine mlio mbali tumeni kwa simu, dada yetu wa Masasi ndiye anayepokea, na mpime huko mliko mtume na namba za presha pia.

Wajomba tangulieni, mashemeji mfuate, na nyie vijana wa pikipiki ambao naona mmeshawasha, zimeni, na nyie mna baba.